Kigari cha rimoti kinakata nikipiga resi, mota mpya na chaji imejaa, shida nini wakuu?

chalii_wa_Kijenge

Wakuu heshima zenu. Naombeni msaada wa haraka maana Jumapili tuna kimashindano chetu cha vigari vya rimoti huku Njiro na mimi gari langu ni kama limerogwa. Ni Tamiya TT-02, saizi ya moja ya kumi, nilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, aliniuzia chesisi na rimoti tu, betri hakuna, bodi hakuna. Bodi nikaagiza ile ya plastiki angavu, nikaipaka rangi kwa ndani mwenyewe, nimeipiga rangi za kifodi (daladala zetu za Arusha) hadi maandishi ya nyuma ya kioo yapo, kwa kweli imetoka kali sana, ila sasa uzuri wa bodi bila mwendo ni wa nini.

Shida yenyewe iko hivi. Nikivuta triga taratibu gari linatembea fresh kabisa, nikikamua mpaka mwisho linaruka kama mita 3 halafu kata, linapoa kidogo, linaamka, kata tena, yani kama boda iliyowekewa petroli yenye maji. Nimebadilisha mota nikaweka nyingine mpya 540 ile ile ya brashi, bado. Nimefungua gia nikasafisha nikaweka grisi, bado. Betri nimeunga mwenyewe, seli mbili za tochi zile 18650, mpya kabisa, zimeandikwa 9900mAh, nimepima na mita zinasoma 8.3 kwa pamoja kwa hiyo betri sio tatizo. Kuna fundi wa simu hapa mjini kaniambia ESC (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa mota) imekufa niagize nyingine, na kuagiza ni wiki tatu ukiwa na bahati. Naombeni mnisaidie kabla sijatoa hela.

Kipepe_Sakina

Mkuu umesahau uko Arusha, huku tuko juu kama mita 1,400 hewa nyepesi, hata magari makubwa yakija kutoka Dar yanapoteza nguvu kidogo. Peleka Moshi ukajaribu utaona 😂

mangi_wa_Rau

@Kipepe_Sakina usimpoteze mwenzio bwana. Hewa nyepesi inamhusu mwenye kigari cha injini ya naitro, yule ndio anahangaika na kabureta kila akipanda mlima, mota ya umeme haivuti hewa. Na hata mngekuja Moshi mngekuta vumbi letu tu.

Chalii naomba unijibu kitu kimoja kabla hatujaenda mbali. Gari likikata, usukani nao unakufa au unabaki? Yani wakati limekata wewe zungusha kushoto kulia, magurudumu ya mbele yanafuata? Na ile taa ya risiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti) inabaki inawaka au inazima? Nenda kaangalie na bodi umeivua, usijibu kwa kukumbuka.

chalii_wa_Kijenge

Duh sikuwahi kuangalia hicho. Nimetoka kujaribu hapa barazani saa hii, mdogo wangu kashika tochi ya simu mimi nimeshika rimoti. Likikata usukani nao unakufa, taa ya risiva inazima kama nusu sekunde halafu inawaka tena, na magurudumu ya mbele yanatetemeka kama mtu ana malaria. Hiyo maana yake nini?

mangi_wa_Rau

Maana yake usinunue ESC. Ingekuwa ESC imekata kujilinda kwa sababu betri imeshuka, ingezima mota tu na usukani ungebaki, ndivyo zilivyotengenezwa ili gari lisiende kugonga watu, nyingi zikiwekwa hali ya lipo (betri ya lithiamu polima) hukata karibu na volti 6. Wewe risiva yenyewe inazimika kabisa, yani umeme unapotea gari zima. Mimi naanza kunusa betri. Ngoja wazee waje.

MzeeKaboni

Vijana hamjambo. Mangi kasema kweli nami naongezea.

Mimi ni fundi redio Kaloleni, tangu enzi za redio za mkulima, na haya magari nayajua kwa sababu ya mjukuu. Wewe kijana umepima betri ikiwa imelala. Betri iliyolala inasema uongo siku zote. Chukua simtanki limejaa maji mpaka juu halafu limetobolewa tundu la mrija wa soda: ukichungulia ndani unaona maji tele, ukifungua ujaze ndoo unakesha. Hiyo 8.3 yako ndiyo kuchungulia kwenye simtanki.

Hesabu iko hivi na sio ngumu. Hiyo mota 540 ikiwa inaondoka kutoka kusimama na umekamua mpaka mwisho, inaweza kuvuta ampia 20 na zaidi kwa kufumba na kufumbua. Seli ya tochi ya ovyo ukinzani wake wa ndani unaweza kufika omu 0.1 kila moja. Ziko mbili zimefuatana, inakuwa 0.2. Zidisha mara 20, unapata volti 4 zinazopotelea ndani ya betri kabla hata hazijafika kwenye waya. Toa 4 kwenye 8.3 yako, kimebaki nini? 4.3. Risiva na sevo (kile kimota kinachogeuza usukani) zinalishwa kupitia ESC, zinataka 5 au 6, sasa hapo zitaishije? Zinazimika. Zikizimika mota inaachiwa, mota ikiachiwa betri inapumua inapanda tena, risiva inaamka, unakamua, inazimika. Ndio hiyo boda yako yenye maji. Ukivuta taratibu mota inakula ampia chache ndio maana linatembea.

Kama huniamini fanya hivi. Funga mita juu ya chesisi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nyaya zake zishike kwenye plagi ya betri, weka DC volti 20, halafu pambanisha pua ya gari na ukuta kwenye sakafu ya marumaru ili matairi yateleze, kamua sekunde moja tu, mdogo wako arekodi namba kwa simu. Sekunde moja nimesema, usiunguze mota. Na usije ukapima ukiwa umelinyanyua juu ya tofali magurudumu yanazunguka hewani, hapo mota haina mzigo itakudanganya kama ilivyokudanganya betri.

chalii_wa_Kijenge

Mzee shikamoo, shukrani sana. Jioni nikitoka job nafanya hivyo hivyo.

Binti_Themi

Shikamoo mzee Kaboni. Mimi naomba nizungumzie hizo 9900 kwa sababu na mimi niliwahi kulia nazo. Kaka hakuna 18650 ya 9900mAh duniani, zile nzuri kabisa za kampuni zinazoeleweka zinaishia kama 3500 hivi. Ukiona imeandikwa 9900 ujue mwandishi alikuwa na wino mwingi tu. Mimi nilinunua 4 kwa ajili ya WLtoys 144001 yangu (ile 1/14, mota 550), nikaona ajabu mbona nyepesi, nikachukua mizani ya dada yangu anayopimia unga wa keki, seli halisi inacheza kama gramu 45, ile yangu ikasoma 29. Nikaipasua siku nyingine kwa hasira (msiige, ilikuwa imekufa kabisa na nilikuwa nje), ndani kuna kiseli kidogo na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe. Tumeuziwa unga jamani.

Sasa ufanye nini kwa Jumapili. Lipo ya 2S (seli mbili zimefuatana) ndio yenyewe, 7.4V, ila kama huna chaja ya kubalansi (inayosawazisha volti za kila seli) usiiguse, lipo sio ya kuchaji kwa chaja ya simu uliyokata waya. Ya haraka ni kutafuta betri mbovu za drili za mafundi aluminiamu. Betri ya drili ya 18V ndani ina safu za seli 5 zimefuatana, na mara nyingi ikifa ni safu moja imekufa, hizo nyingine nzima. Zile seli zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa mara moja kwa sababu drili nayo ni mlafi. Ukikuta Samsung 25R umeokota, ni 2500mAh tu lakini inatoa ampia 20 bila kulalamika.

Chukua 4, unganisha mbili mbili sambamba halafu hizo jozi mbili zifuatane. Urefu wa seli ni milimita 65, mbili zikilala zimefuatana ni 130, upana mbili ni 36, inaingia kwenye kile kitanda cha betri cha TT-02 kama imepimwa kwa fundi cherehani, kile kimetengenezwa kwa zile betri ndefu za 7.2V. Kabla hujaziunga sambamba hakikisha zote zina volti sawa, moja ikiwa 4.1 na nyenzake 3.4 zikigusana ile kubwa inamwagia ndogo umeme mwingi kwa mara moja na hapo unaweza kuona moto. Na usichomelee risasi moja kwa moja kwenye kichwa cha seli kwa ayani ndogo ya mapambo unakaa nayo dakika nzima, unapika seli. Tafuta fundi mwenye mashine ya spoti (inayochomelea kwa nukta kwa kufumba na kufumbua), wanaotengeneza betri za laptop wanazo.

Dogo_Unga_LTD

Mi naona kama mnamwonea chalii, mbona mimi natumia seli za laptop kuukuu na gari langu linatembea poa tu? 2200mAh za betri ya HP iliyokufa.

Binti_Themi

Gari lako saizi gani dogo?

Dogo_Unga_LTD

1/24, kale kadogo ka ndani 😅

Binti_Themi

Basi umejijibu. Seli ya laptop inaruhusu kama mara mbili ya ujazo wake, 2200 unapata ampia 4 na kitu. Kagari kako hakafiki huko. Weka hizo kwenye TT-02 uje utupe mrejesho.

Fundi_Olasiti

Kitu kimoja hamjamuuliza, je kaweka kile kibodi cha ulinzi, BMS ya 2S? Maana vile vya bei rahisi vinakata ampia ikizidi 8 au 10 na dalili zake zinafanana sana na hizi. Tofauti ni moja, BMS ikikata inakata mazima, gari linakufa mpaka uchomoe betri au usubiri kidogo, hairudi yenyewe ndani ya nusu sekunde. Ya chalii inarudi upesi kwa hiyo nakubaliana na mzee, ila atakapojenga betri mpya asije akaweka BMS ya ampia 8 akarudi tena hapa kutulilia.

MzeeKaboni

Marahaba wote. @Fundi_Olasiti hilo la BMS umelisema vizuri, nililisahau.

Na jambo la baridi. Asubuhi za mwezi wa saba huku kwetu, hizi betri za lithiamu zinakuwa nzito, ukinzani unapanda. Mjukuu wangu anakaa nayo ndani ya koti mpaka zamu yake ifike. Wanamcheka, lakini wakianza wote wanamwona mgongo.

chalii_wa_Kijenge

WAKUUUU. Nimepima. Mita imefungwa na tyubu kama alivyosema mzee, pua kwenye ukuta wa jikoni, mama anauliza kuna nini tena. Imelala 8.2, nikakamua, video nimeirudia mara 5 polepole: 8.2, halafu 4.0, halafu taa inazima, halafu 7.6. Nne!! Yani mzee umesema 4.3 ukiwa Kaloleni umekaa kwenye kiti chako.

Seli nimepima kwenye mizani ya duka la vipodozi la jirani, gramu 31. Muuzaji nilimwamini kabisa, na alinipa na karanga za ofa.

Kesho nazunguka kutafuta betri ya drili.

mangi_wa_Rau

Ukipata usisahau plagi. Zile plagi nyeupe za Tamiya za zamani zina pini nyembamba, zikishapata joto zinalegea na unarudi pale pale, volti zinapotelea kwenye plagi. Gusa kwa kidole baada ya dakika 5 za kukimbia, ikikuunguza badili weka XT60. Na angalia nyekundu na nyeusi mara tatu kabla hujachomeka, ukigeuza sekunde moja tu ndio utaagiza ESC kweli sasa.

Halafu Jumapili mnakimbilia wapi, lami au udongo?

chalii_wa_Kijenge

Uwanja wa basketi mkuu, sakafu ya simenti, ila pembeni udongo umeingia. Njia tunaichora kwa mipira ya kumwagilia maji, ile mirefu ya bustani, tunailaza chini inakuwa kona. Gari likiigonga linaruka badala ya kuvunjika. Zamu dakika 5, mtu mmoja na daftari anahesabu mizunguko, kila mara kuna ugomvi wa daftari 😂

mangi_wa_Rau

Hapo sawa. Maana TT-02 ni gari la lami, tumbo liko chini, wenzako wenye bagi (vigari vya udongo) watakupita kwenye udongo usiumie moyo. Gia zake zimefungwa vizuri vumbi haliingii sana, ila mota iko wazi, vumbi letu la huku ni kama poda. Baada ya kila siku ya mchezo puliza mota kwa pampu ya baiskeli, tone moja la oili ya cherehani kwenye shafti mbele na nyuma. Tone moja! Ukimwaga inaingia kwenye kaboni na vumbi inakuwa ugali.

Pinioni (ile gia ndogo ya kwenye shafti ya mota) umeweka meno mangapi? Inakuja na 22 na ile kubwa 70. Watu wakishapata betri nzuri wanakimbilia kuweka pinioni kubwa ili gari likimbie zaidi, kwenye uwanja wa basketi huna hata sehemu ya kufikia hiyo spidi, unapika mota bure. Bakia na 22. Hela yako weka kwenye beringi, zile za plastiki zilizokuja na gari zitoe, saizi ni 1150 yani milimita 5 kwa 11 kwa 4, fungua gari uhesabu mwenyewe. Ukishaziweka, lisukume kwa kidole uone litakavyoteleza.

Kipepe_Sakina

Mimi naongezea bampa. Ile sponji ya mbele ikichanika msiagize, kata kandambili. Ile nyeupe juu, chini bluu. Tulikuwa tunatengenezea matairi ya gari za waya tukiwa wadogo, leo tunakatia bampa za Mjapani. Hapo sijatania.

Binti_Themi

Hiyo ya kandambili ni kweli kabisa ninayo mwaka wa pili.

chalii_wa_Kijenge

MREJESHO. Wakuu Jumapili imepita salama. Betri ya drili nilipata kwa fundi madirisha, alikuwa ameitupa chini ya meza, ya 18V, safu moja ilikuwa sifuri kabisa na hizo nyingine zote 3.6 na kitu. Sio Samsung lakini gramu 45 kwenye mizani. Fundi laptop kaniungia kwa spoti, nne, na chaja ya kubalansi nimeazima. Kipimo cha ukutani: imelala 8.3, nimekamua ikashuka 7.4. Risiva haijapepesa hata kidogo.

Gari likawa jingine. Zamu ya kwanza nikakosea kona ya kwanza kwa sababu nilishazoea kuwa likipigwa resi linakata, sasa halikukata, likaenda kupanda kiatu cha mwenye daftari. Zamu ya pili nikatulia, nikawa wa pili nyuma ya mtoto wa darasa la sita mwenye mikono ya ajabu. Zamu ya fainali nikawa naongoza mizunguko mitatu, watu wanapiga kelele kifodi! kifodi!, mzunguko wa nne kwenye kona ya mpira wa kijani mota ikaanza kulia kwa sauti kubwa na gari limesimama. Nimelifungua nyumbani, kile kiskrubu cha pinioni kimelegea, pinioni inazunguka bure kwenye shafti. Nimekaza tena ila naogopa itarudia.

MzeeKaboni

Hongera kijana. Ulipobadilisha mota, hicho kiskrubu ulikikaza kwenye ubapa wa shafti au kwenye mviringo?

chalii_wa_Kijenge

Shafti ina ubapa?

mangi_wa_Rau

😂😂😂 Chukua na ile gundi ya nati ya bluu, sio nyekundu. Jumapili ijayo nakuja na Coaster ya asubuhi, nina bagi moja na dogo wangu ana nyingine, mtuwekee nafasi kwenye daftari.